Kazi ya Mwombaji

Fomu ilikuwa na mistari kumi na minne.
Mama aliishika kwa ncha za vidole,
vidole vilivyopasuka, kila ufa umejaa weupe.
Ukumbi wa ushirika, Kharaghoda. Feni inazunguka,
hewa haisogei.
Mimi wa darasa la tisa ndiye kalamu ya nyumba.

Jina: Kankuben. Hilo alilitamka haraka.
Umri: akacheka. "Andika nimekula chumvi nyingi."
Karani hakucheka.
Ardhi unayomiliki: hapo tukanyamaza sote.
Jangwa la Rann, serikali imesema, ni hifadhi ya punda mwitu.
Punda wana hati.
Sisi tuna nyayo, na mvua ikija inazifuta.

Kila Oktoba, tope likishapasuka, tunahamia humo.
Tunachimba kisima, tunavuta maji makali kuliko bahari,
tunayalaza majarubani,
na mama anayachana kwa reki ya mbao alfajiri na magharibi
kama anavyochana nywele zangu: bila huruma, bila haraka,
mwezi baada ya mwezi, mpaka maji yakubali kuwa mawe.

Na pampu hula kwanza.
Kabla ya mtoto, kabla ya mbuzi, pampu hula.
Dizeli ya Maganlal mwenye malori,
daftari lake jekundu, kidole gumba cha baba.
Aprili daftari hufunguliwa: chumvi yote hupanda lori,
deni hubaki limeketi mlangoni
kama mgeni asiyejua kuaga.

Sasa ushirika unakopesha paneli za jua,
na unakopesha wanawake tu.
Baba yuko nje, ameegemea baiskeli.
Hakukataa. Hakukubali.
Aliuliza tu, "Jua nalo lina riba?"

Mstari wa tisa. Kazi ya mwombaji.
Mwaka wa sensa baba alimjibia: "Hana kazi. Yuko nyumbani."
Nyumbani!
Turubai na vijiti vinne katikati ya weupe,
mti wa karibu ni mwendo wa nusu siku.
"Weka mama wa nyumbani," karani akaniambia bila kuinua macho.
Nami, Mungu anisamehe, nilishaandika herufi ya kwanza.

Mama alikuwa anaitazama miguu yake.
Kwetu husemwa, mchimba chumvi akifa
moto hula yote ila nyayo.
Zimekauka, haziungui, huzikwa kando.
Za bibi nilizichungulia ndani ya kitambaa:
ndogo, kama viatu vya mtoto.

"Futa," akasema. "Andika: natengeneza chumvi."

Halafu akatia saini.
Siku saba alikuwa amejifunza kwa mpini wa reki
juu ya jaruba, herufi mbili na nukta,
jina lake likilala nje usiku kucha, linameta.

Paneli zilifika Novemba.
Usiku wa kwanza bila ngurumo ya pampu hakupata usingizi.
Alisikia, kwa mara ya kwanza, jinsi baba anavyokohoa.

Hadithi hii sitaitia chumvi.
Bei bado huitaja Maganlal.
Baba bado husema "pampu yangu,"
na punda bado wana hati.
Ila dizeli hatuidaiwi tena, na senti zilizosalia
mashangazi walidhani ni za bangili.
Mama alinunua mizani.
Ya chuma, ya kuning'iniza, hupima gunia moja moja.
Lori likija mwaka huu
atapima yeye kwanza.

Mimi amenipa daftari, la kijani.
Mistari ameichora mwenyewe,
yote imepinda.